Shavu la Masalu

Mliokuwa nami juma lililopita mliniacha nikitoka Lagangabilili na begi mgongoni, nimeondolewa katika mafunzo kwa vitendo kwa kosa la kumsahihisha mkuu wangu mbele ya wageni. Kwa aliyefika leo, inatosha ajue kwamba jina langu ni Milembe, ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sosholojia, na nyumbani kwetu ni Ngulyati. Baada ya kuipoteza nafasi ile, nilikuwa nimebakiwa na jambo moja tu jema maishani.

Jambo hilo lilikuwa Masalu.

Masalu ni fundi umeme katika kiwanda cha kuchambua pamba huko Kasoli. Jumamosi ya juma lile washenga wake walitarajiwa kwetu. Mama alikuwa amekubali kuwapokea bila kuahidi lolote. Jina la kijana alikuwa amelisikia. Sura yake alikuwa hajaiona.

Sasa nieleze kiapo, maana bila kiapo hamtaelewa kwa nini bakuli la tambi lilitaka kuniua.

Dada yangu Elizabeth aliolewa na mtu wa mjini ambaye, siku ya kwanza kufika kwetu, aliketi mkeka mmoja na mama, akavunja mfupa kwa meno, akanyonya uboho, kisha akaomba aongezwe mchuzi. Katika ukoo wetu mkwe hali mbele ya mama mkwe. Ni heshima ya Kisukuma ambayo mama aliikuta kwa mama yake, na hajaona sababu ya kuiacha. Siku ile alinyamaza. Ndoa ya Elizabeth ilipovunjika, alimwita mdogo wake, mjomba Mhoja, akasema mbele yake na mbele yangu:

“Atakayemtaka Milembe, siku nitakayomwona akitafuna mbele ya macho yangu, habari yake imekwisha siku hiyo hiyo. Mhoja, wewe ni shahidi.”

“Nimesikia, dada,” akajibu mjomba. “Na mlango wa kutokea nitamfungulia mimi.”

Mjomba Mhoja hatanii. Ndiye angesema neno la mwisho Jumamosi.

Nami, kwa imani yangu kwamba watu huogopa wasichokijua, nikabuni mpango. Nilijiambia kwamba mama akimwona Masalu mara moja tu, akaona anavyoamkia wakubwa na anavyowapisha njia, basi Jumamosi hangesikia jina tupu. Angekumbuka uso. Sikuona kosa lolote katika kupanga watu wakutane.

Fursa ilitokana na jino.

Mjomba ni daktari wa meno katika kituo cha afya hapa Bariadi. Siku iliyotangulia alikuwa amemng'oa mama jino la nyuma, na mama akalala kwake mjini. Asubuhi shavu lilikuwa limevimba, ugali hautafuniki, na njaa imempanda kichwani.

“Mama,” nikamwambia, “twende kwa Lam. Ana uji.”

“Uji wa Mchina?”

“Uji wa mchele. Hautafunwi.”

Bwana Lam ni mtu wa Kantoni aliyekuja kupika katika kambi ya wajenzi wa barabara. Barabara ilipokwisha, wenzake waliondoka. Yeye alibaki, akafungua chumba karibu na soko, akaandika ubaoni TAMBI NA UJI. Supu yake huichemsha na dagaa wa Lamadi waliokaushwa. Tambi ni nyembamba, na humo huelea vifurushi vya unga laini vyenye nyama na kamba ndani, ambavyo Bariadi nzima inaviita vifuko.

Masalu alijifunza kula kwa vijiti katika kambi ileile. Nilimwelekeza kwa simu asimame karibu na mlango, amwamkie mama, aseme amekuja kuchukua chakula cha wenzake kazini, kisha aondoke.

“Na usile kitu,” nikamwonya.

“Nitasimama kama nguzo ya umeme,” akanijibu.

Mpango ulikuwa mzuri. Kilichoharibika ni kwamba mjomba alitupakia kwenye gari lake, tukafika mapema kuliko nilivyosema.

“Namwona mgonjwa mmoja tu,” mjomba alituambia akitushusha. “Nikirudi, dada, nakupeleka Ngulyati.”

Tukaingia.

Ilikuwa siku ya soko. Kila stuli ilikuwa na mtu, mvuke umejaa hadi darini, na Bwana Lam anapita katikati ya watu na mabakuli mikononi kama anayecheza ngoma. Nilitazama mlangoni. Masalu hakuwepo. Nikashukuru, nikadhani hajafika.

“Mama! Mama, hapa!” Lam akapaza sauti. “Nafasi moja, nafasi mbili!”

“Bwana Lam, nilikuomba ile meza ya dirishani.”

“Hapa hakuna meza ya mtu. Kila meza ya wote. Keti, mama, keti!”

Akavuta stuli mbili zilizokuwa zimebanwa ukutani, akamketisha mama kwenye meza ya mviringo iliyokwisha kuwa na watu wawili. Mmoja alikuwa mama mnene wa Lamadi, yule anayemletea Lam samaki. Wa pili alikuwa ameinamia bakuli.

Akainua uso.

Alikuwa Masalu. Vijiti vilikuwa hewani, na katika shavu lake la kushoto kulikuwa na kifuko kimoja kizima.

Baadaye nilielewa jinsi ilivyokuwa. Alikuwa ametoka zamu na njaa, na Lam alipomwona tu alimwekea bakuli lake la kila siku bila kuulizwa. Masalu akadhani atalimaliza kabla hatujafika. Mtu mwenye njaa hupiga hesabu zake mwenyewe.

Lakini wakati ule sikuelewa chochote. Niliona shavu tu.

Masalu alimtazama mama, akanitazama mimi, akaacha kutafuna. Taya lake lilisimama palepale. Vijiti akavilaza mezani taratibu, kama anayeweka chini kitu cha wizi.

“Mwangaluka, ng'wanone,” mama akamwamkia, maana ndivyo anavyomwamkia kila kijana.

Masalu akainuka nusu, akainamisha kichwa, akaweka mkono kifuani.

“Mmh,” akasema.

Mama akakunja uso. Kijana kuamkiwa na mama mzima akajibu kwa mguno! Nikaona Jumamosi yangu ikianguka na kuvunjika. Mama akamtazama vizuri, akaliona shavu, na uso wake ukabadilika.

“Ni jino?” akauliza.

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Ilikuwa nafasi pana, yenye mwanga. Ningesema, mama, huyu ndiye Masalu, amekosea, tumsamehe. Badala yake nikasikia sauti yangu ikisema:

“Nadhani ni jino, mama. Angalia alivyovimba.”

“Pole, mwanangu!” Mama akasogeza stuli. “Kushoto? Na mimi ni kushoto! Tazama.” Akamgeuzia shavu lake. “Jana mdogo wangu alining'ang'ania kama anayeng'oa kisiki. Goti lake, we! Goti lake lilikuwa hapa kwenye kiti changu!”

Masalu akatikisa kichwa kwa huruma. Tone la mchuzi likatokeza pembeni mwa midomo yake. Akalifuta haraka kwa leso.

“Unaona?” mama akamwambia mama wa samaki. “Hata mate hayamezeki. Ndivyo nilivyokuwa.”

“Ndivyo inavyokuwa,” yule mama akakubali, akivuta tambi zake kwa sauti. “Lakini mimi nilidhani alikuwa anakula.”

Moyo wangu ukaruka.

“Alijaribu, maskini,” mama akamtetea. “Nani kampa tambi mtu mwenye jino bovu? We Lam! Lete uji, wa huyu na wangu!”

Lam akaleta mabakuli mawili. Uji wake huchemshwa hadi punje za mchele zikayeyuka, kisha hutiwa vipande vya sato, tangawizi na majani ya kitunguu. Mama akanusa, akaonja kwa ncha ya kijiko.

“Chumvi! Na samaki! Milembe, sukari wameificha wapi?”

“Haitiwi sukari, mama.”

“Basi huu si uji. Huu ni wali uliotubu.” Akaonja tena, na tena. “Lakini umetubu vizuri.”

Kisha akalisukuma bakuli la pili mbele ya Masalu, akampa kijiko mkononi kabisa.

“Kunywa, mwanangu. Usitafune, meza tu. Kutafuna ndiko kunakouma.”

Masalu alishika kijiko. Jasho lilikuwa limemtoka hadi kwenye nyusi. Nilijua anachofikiri, maana na mimi nilifikiri hicho hicho. Akimeza kile kilichomo shavuni, amekula mbele ya mama yangu. Akikitema, amemtemea mama yangu chakula mezani. Akikaa hivyo, kifuko kinazidi kulainika, na mchuzi wake unamshukia kooni bila hiari.

“Mama, mwache,” nikasema. “Labda hana hamu.”

“Nyamaza, Milembe. Kwani ni mumeo?”

Mama wa samaki akacheka hadi meza ikatikisika.

“Hebu mtazameni!” akasema. “Amekaa kama mtu aliyefumaniwa ukweni!”

Mama naye akacheka, akishika shavu lake kwa maumivu. Mimi nilicheka pia, kicheko ambacho hata Lam aligeuka kukitazama.

Ndipo jambo likatokea ambalo lilinichoma kuliko hofu yenyewe. Mama akaacha kucheka, akamwangalia Masalu kwa upole.

“Lakini ana adabu,” akasema. “Maumivu yote hayo na hajalalamika. Macho yako chini. Anajifuta kwa leso, si kwa mkono. Kuna mama aliyemlea huyu.” Akanigeukia. “Huyo wako wa Kasoli angekuwa na utulivu wa huyu, Milembe, mimi ningelala usingizi.”

Mpango wangu ulikuwa umefanikiwa. Mama alikuwa amempenda, nami sikuweza kumwambia kwamba huyo ndiye.

Nikatafuta njia ya kumtoa. “Kaka,” nikamwambia Masalu kana kwamba simjui, “kama una maumivu, ni heri ukapumzike nyumbani.”

Akainuka mara moja. Mama akamdaka kifundo cha mkono.

“Keti! Wanaume mkisikia habari za jino mnakimbia. Mdogo wangu anakuja sasa hivi kunichukua. Daktari wa meno huyo, atakutazama hapa hapa.”

Masalu akaketi. Kati yake na mlango kulikuwa na magoti ya watu wote wa Bariadi, na mkono wa mama ulikuwa bado umemshika.

Nikamtazama machoni. Niliona machozi. Sijui kama yalikuwa ya aibu au ya tangawizi.

Na ndipo Lam akapita.

Lam ana maumivu yake mwenyewe, nayo ni tambi zilizoachwa kwenye supu. Tambi zikikaa zinavimba na kulegea, naye huziona kama mtu aonavyo mgonjwa wake akizidiwa. Alitazama bakuli la tambi lililosukumwa kando. Akasimama.

“Masalu!” akafoka. “Kwa nini huli? Tambi zinakufa! Kila siku unamaliza, unaongeza. Leo nini? Tumbo?”

“Si tumbo,” mama wa samaki akamjibu. “Ni jino.”

“Jino gani? Sasa hivi ametia kifuko mdomoni, anacheka na mimi!”

Akaondoka na mabakuli yake, akituachia hayo.

Mkono wa mama ukakiacha kifundo cha Masalu.

“Masalu,” mama akasema. Hakumwita. Alilitamka jina tu, kama mtu anayeonja chumvi.

Akamtazama kuanzia utosini. Akaliona shati la kazi. Akanyoosha vidole viwili, akaokota kitu kidogo cheupe kilichokuwa kimenasa kwenye nywele za Masalu juu ya sikio, akakisokota, akakiweka mezani mbele yangu.

“Pamba,” akasema.

Nikakitazama kile kipande.

“Pamba iliyochambuliwa, Milembe. Haina mbegu. Hii haitoki shambani.”

“Mama…”

“Sijakuuliza.”

Mama wa samaki alikuwa ameacha kula. Ni mtu wa ziwani, lakini watu wazima hawahitaji kuelezwa mambo hayo. Akaweka kijiko chini, akatazama pengine.

Mama akakifungua kitenge alichojitanda mabegani. Akakivuta juu, akakifunika kichwa na paji la uso. Kisha, polepole, bila kunitazama, akaigeuza stuli yake hadi magoti yakagusa ukuta. Tukabaki na mgongo wake.

Nilidhani analia. Nilidhani habari imekwisha. Nikafungua mdomo niombe radhi, na sauti ikatoka ndani ya kitenge, tulivu kabisa:

“Huu ukuta umepakwa rangi juzi tu. Ni mzuri. Mimi nautazama huo, sioni kingine.”

Ilinichukua muda kuelewa. Kiapo chake kilikuwa cha macho. Atakayetafuna mbele ya macho yangu, alisema. Na macho yake hayakuwa yamemwona Masalu akitafuna. Yalikuwa yameona shavu tu. Sasa aliyaondoa kabisa. Alikuwa amefanya anachofanya mama mkwe: amejifunika, amempa mkwe nafasi.

Amempa *mkwe* nafasi. Damu ilinirudi usoni.

“Meza,” nikamnong'oneza Masalu.

Akatikisa kichwa.

“Masalu, amegeuka. Amefanya makusudi. Meza.”

Akatikisa tena, kwa nguvu zaidi, akinionyesha mgongo wa mama kwa macho. Nilimwelewa, na kumwelewa kulinitesa. Alidhani mama amegeuka kwa hasira. Alidhani kula nyuma ya mgongo wake kungekuwa dharau juu ya dharau.

“Kijana,” mama akauambia ukuta, “mimi si mtu wa kukaa nimegeuka mchana kutwa.”

Hapo Masalu akaelewa. Niliona mabega yake yakishuka. Akafumba macho, akaweka leso mdomoni, na taya lake, lililosimama tangu tulipoingia, likaanza kusogea.

“Dada! Mbona umegeukia ukuta kama mtoto aliyekosa?”

Taya likasimama tena.

Mjomba Mhoja alikuwa nyuma yetu, funguo za gari zikining'inia kidoleni. Watu walikuwa wamempisha. Mjini hapa karibu kila mtu amewahi kukaa kwenye kiti chake na kumwogopa. Akamtazama dada yake chini ya kitenge. Akanitazama mimi. Akamtazama kijana asiyemjua, aliyeketi meza moja na dada yake, na bakuli lililoliwa nusu.

“Nani huyu?” akauliza.

Mama wa samaki alikuwa anachunguza kidole chake cha pete.

“Dada, nauliza. Unajifunika kwa ajili ya nani?”

Kitenge kikatikisika kidogo.

“Kuna mgonjwa hapo,” mama akasema. “Milembe anasema ni jino.”

Hakuwa amesema uongo. Hakuwa amesema kweli pia. Alikuwa amenirudishia maneno yangu mwenyewe, mbele ya shahidi wa kiapo chake, na kuniachia niyabebe.

Mjomba akageuka kwangu. “Ni jino, mpwa wangu?”

Nikisema ndiyo, mjomba angejionea mwenyewe, na Jumamosi angekutana na uso huohuo, amkumbuke kuwa ni mtu aliyeficha chakula mdomoni nikimsaidia kudanganya. Nikisema si jino, angeuliza ni nini.

Hakungoja. Kazi yake ilimshinda nguvu. Alikwisha kutoa tochi ndogo mfukoni mwa shati, amemwinamia Masalu, kidole gumba kimeshika kidevu na vidole vinapapasa lile shavu.

“Ajabu,” akasema. “Uvimbe gani huu usio na joto?” Akawasha tochi. “Fungua mdomo, kijana.”

Masalu akanitazama. Asubuhi yote macho yake yalikuwa yakiniomba nimwokoe. Safari hii hayakuomba kitu. Yalikuwa yakiniuliza mimi ni mtu wa namna gani.

“Mjomba,” nikasema, nikainuka. “Si jino.”

Mkono wenye tochi ukatulia. Lakini Masalu alikwisha kutii: midomo yake ilikuwa imeanza kufunguka.

Na nyuma yangu nikasikia miguu ya stuli ya mama ikikwaruza sakafu, ikigeuka.